Ndoo za Alfajiri

Mwezi wa saba, Maskati, maji hayangoji jiko.
Tangi liko juu ya paa, jua limelikalia;
fungua bomba adhuhuri, utachemsha yai.
Ndiyo maana naamka kabla ya adhana,
kanga kichwani, ndoo kumi na mbili,
niyakinge maji yangali na usingizi.

Boksi limetoka Naivasha.
Nililijua kwa muhuri kabla sijalifungua:
banda nambari tisa. Humo nimewahi kukata,
mikono imechanjwa, msimamizi kisogoni.
Sasa nayapokea mawaridi upande wa pili wa ndege,
yamelala vichwa pamoja kama watoto wa bweni,
yana kiu, hayasemi.

Bi Zuwena, mwenye duka, mzaliwa wa Kikwajuni,
Kiswahili chake kina chumvi kushinda changu,
husimama na kikombe cha kahawa:
"Mshazari, Mejumaa. Na ukatie ndani ya maji.
Kikonyo kikimeza hewa, kinakabwa."
Majani ya chini, toa; yakizama yanaoza.
Sukari kijiko, ndimu kidogo,
Jiki matone manne, "usizidishe, hufui shuka."
Na ndizi zako kale nje.
Ndizi ikiiva hupumua uzee,
na waridi, jinga lile, huiga.

Harusi ilikuwa Alhamisi, Rustaki.
Mawaridi mia tatu, rangi ya ulimi wa paka.
Jumatano mvua ikapiga milimani,
wadi ikashuka na mawe, na mbuzi, na gari la mtu,
barabara ikamegwa kama mkate.
Mama wa bibi harusi akapiga simu:
"Mpaka Jumapili, inshallah."
Bi Zuwena akaziangalia ndoo.
Kahawa yake ilipoa mkononi.

Tukazima taa. Tukaenda kwa Shaji, duka la pili,
tukatoa soda na maziwa ya lala kwenye friji lake;
akateta kwa Kimalayali, kisha akabeba ndoo mwenyewe.
Yaliyoinamisha shingo nikayafunga gazeti,
kurasa za michezo, magoli na makocha,
nikayalaza beseni la maji ya vuguvugu
(vuguvugu hapa haitafutwi).
Baada ya saa mbili shingo zikarudi.
Si zote.

Usiku wa Ijumaa nilikaa juu ya kreti
nikisikiliza friji likikohoa.
Ua likishakatwa limeshakufa, nikawaza;
sisi tunalificha habari tu.
Kama walivyonificha mimi, kule Msambweni,
siku tatu baada ya kumzika baba,
kila nikipiga: mtandao, chaji, amelala.
Niliwakasirikia mwaka mzima.
Lakini siku zile tatu, nakumbuka,
nilipanga maua dirishani
na nilikuwa nikicheka na wateja.

Jumapili barabara ikafunguliwa.
Mia mbili sitini na nne yakapanda gari.
Wakatutumia picha: bibi harusi, hina hadi viwikoni,
na nyuma yake ukuta wa waridi, umesimama wima,
hauna habari.

Yaliyobaki Bi Zuwena aliyachambua petali,
akazitia kwenye kopo la biskuti, hakusema za nini.
Mimi nilichukua moja, lenye kovu pembeni,
nikalitia chupa ya Vimto, karibu na sinki.

Leo siku ya tisa.
Alfajiri nalibadilishia maji,
nakata kikonyo upana wa kucha.
Kesho upana wa kucha tena.
Linazidi kuwa fupi,
na bado linakunywa.