Bawaba

Kiwanda cha mtaa wetu kilibomolewa,
lakini ukipotea hapa Flint bado utaambiwa:
pita lango la nne, pinda kulia
penye karakana ya rangi.
Lango halipo. Karakana ni nyasi
zilizoota katika nyufa za saruji
kama nywele sikioni mwa mzee.
Watu hupinda tu. Na hufika.

Kabla ya injini mji huu ulichonga magurudumu ya magari ya farasi.
Seremala aliyejua mti kwa kuunusa
aliamka siku moja akaambiwa anuse petroli.

Babu yangu, Kazimierz Wrona, aliukuta mkanda unatembea.
Mvumilivu hula mbivu, lakini mkanda
uliwala wavumilivu wabichi.
Basi baridi ile ya mwaka thelathini na saba
wakagoma kwa kukaa:
siku arobaini na nne ndani,
wakilala juu ya viti vya magari yasiyo na magurudumu.
Polisi wakarusha moshi wa machozi.
Wao wakarusha bawaba,
bawaba za milango, nzito, baridi,
zikishuka kama mvua iliyokosa adabu.
Nje, bibi alivunja dirisha kwa rungu
wapate hewa. Kioo kikamchana kiganja.
Kwa kovu lile alikanda mkate wetu
mpaka alipokufa.

Baba akaja kuzifunga bawaba zilezile.
Mlango wa kushoto, mbele. Bolti tatu.
Miaka thelathini na mmoja.
Ng'ambo ya gari, mlango wa kulia,
alikuwa Otha Beecham wa Arkansas,
aliyetoka kwenye tanuri la chuma
walikorundikwa weusi miaka yote ile.
Miezi saba hawakusemezana.
Kisha siku moja bolti ya baba ilianguka
na Otha akairusha juu ya paa la gari,
bila kutazama, ikatua mkononi.

Sisi watoto tuliona haya kwenda naye dukani.
Kwenye maegesho hufungua gari la mtu,
huufunga mlango taratibu, sikio limeinama:
"Huu wangu."
Wenye magari wamemtukana kwa lugha nne.

King'ora kilinyamaza mwaka ule niliopata mimba ya kwanza.
Baba bado huamka saa kumi na dakika arobaini,
huvaa viatu, hukaa kitandani,
huvivua.

Otha tulimzika Machi, theluji ikiwa tope.
Gari la maiti lilikuwa refu, jeusi, la hapahapa.
Baba akasimama kushoto, mbele,
akaufunga mlango,
akangoja.

Tulimwita. Hakusogea.
Alikuwa akingoja ule wa upande wa pili
ujibu.