Tikisa Mabawa

Kibali changu cha redio kilikufa Ijumaa.
Karani alisema: rudi Jumanne, na picha mbili,
na risiti ya benki, ile ya waridi.

Basi juu ya Luano nilikuwa na masikio tu.
Viti viwili, injini inayosaga kama kinu cha mahindi,
na mvua kutoka Kipushi
imekwisha kumeza bomba refu la moshi.

Kidole juu ya kitufe. Sikubonyeza.

Sauti ya Musau mnarani, ina mafua:
«Wewe mdogo usiye na jina,
kama unanisikia, tikisa mabawa.»

Nikatikisa kama bata atokaye majini.

«Nimekuona. Shuka. Upepo wa kushoto.»

Jumanne, fomu: lugha za redioni?
Kifaransa, nikaandika.
Kalamu ikalala kushoto, ikalala kulia.