Panafanywa Kazi

Jumamosi, ghorofani, juu ya duka la mbolea
nyuma ya soko la Nakuru, tuko tisa,
na Bi. Nafuna, aliyekaa Delft miaka kumi na mmoja,
anaandika ubaoni kwa kipande cha chaki:
De rozen worden geknipt.
Waridi hukatwa.

"Mholanzi," anasema, "hapachiki w
tumboni mwa kitenzi akaendelea na safari yake.
Yeye huazima kitenzi cha pili, worden, kugeuka kuwa,
na kile chenye kazi hukisukuma hadi mwisho wa sentensi,
kama mgeni aliyekuta sufuria zimeshaoshwa."

Kipkurui anauliza mkataji yuko wapi.
"Ukimtaka, mlete kwa door. Usipomtaka, muache,
sentensi haitamlilia.
Na msichanganye door na deur.
Door ni na. Deur ni mlango."

Nikaandika. Nikaandika tena.

Kisha akatupa ile fupi: Er wordt gewerkt.
Kazi inafanywa? Sivyo, hata kazi haimo.
Panafanywa kazi. Pale tu. Pa-.
Nikaliona banda letu la kupangia maua, saa kumi na moja asubuhi,
baridi ya Menengai ikishuka shingoni,
mikasi inalia, hakuna mtu.

Odek, wa nyuma, akataka kumjaribu:
"Na nimenyeshewa, je?"
"Haipo. Mvua ya kule hunyesha, basi."
"Nimechwewa?"
"Jua la kule hutua na shughuli zake."
Wangeci, anayejifunza ili azungumze na wajukuu Rotterdam,
hakuinua uso daftarini:
"Nimefiwa?"
Chaki ikasimama.
"Kule hufa anayekufa," alisema Bi. Nafuna. "Hafiwi mtu."
Chini, mwenye duka alikuwa akipima samadi,
tukamsikia akihesabu debe.

Jumatatu meneja akaniita. Wewe ndiye unayesoma lugha yao.
Geuza hii, iende ofisi ya Uholanzi kabla ya saa sita.
Mistari minne, imechanwa nywele, imepakwa mafuta:
Dawa ilipulizwa usiku.
Kibao cha onyo kiliondolewa.
Mlango ulifunguliwa.
Macho ya mfanyakazi yaliathiriwa.

Kiswahili kizuri. Hakuna kosa hata moja humo.
Ningekuwa mwalimu ningempa alama zote.

Kibao kilifungwa kwa waya. Waya ulinichoma hapa,
kwenye kidole gumba, na bado panawasha nikishika kalamu.
Oda ya Februari, lori limeshawashwa,
dereva anabonyeza honi kana kwamba anadai deni,
na saa zilizoandikwa kwenye kibao zilibaki mbili,
mbili tu, nani angezihesabu.
Nyaboke aliingia wa kwanza.
Yeye huingia wa kwanza kila siku,
hupenda mstari wa mwisho, karibu na bomba la maji.

Nikageuza. De deur werd geopend.
Ikatosha. Ina nukta. Ingeweza kwenda.
Lakini mkono uliongeza door,
na door, Bi. Nafuna hakutuambia hili,
haijui kukaa peke yake. Iko pale ukingoni,
inangoja jina kama kikombe kinavyongoja chai.
Nikaiacha ikingoja. Saa sita ikapita.
Meneja alichungulia mara mbili.

Jioni nikaenda Bondeni na machungwa na unga wa kilo mbili.
Chumba cha tatu baada ya mfereji. Mtoto wake
alikuwa amelala na viatu.
Nyaboke kitandani, pamba na bandeji machoni,
redio ndogo ikisema kitu kuhusu bei ya mahindi.
Bawaba ililia.
Akageuza kichwa, si kwangu, pembeni kidogo,
upande niliosimama jana yake kazini.
"Nani amefungua?" akauliza.