Kiatu cha Mboni

Gari tuliliacha chini, penye geti la kondoo,
tukapanda kwa miguu, Bethesda ikizidi kuwa ndogo,
mapaa yake ya mawe meusi yakimeta kwa mvua ya alfajiri.
Sekela mbele, taulo nne shingoni.
Atupele nyuma yake, anahesabu kondoo
waliopakwa rangi ya buluu makalioni
na kutaka kujua nani aliyewapaka.
Mboni mabegani mwangu: miaka minne, kilo kumi na saba,
na swali moja tu. Bado?

Bado.

Halafu mabwawa.
Matano, moja juu ya jingine,
kama sufuria zilizopangwa kwenye ngazi,
na maji maangavu hata ungeweza kusoma gazeti
lililolala sakafuni mwake.

Mimi ni mtoto wa Manyoni.
Mto wetu ulikuwa mchanga kwa miezi minane;
tuliuchimba kwa viganja, tukangoja,
na kilichojitokeza tulikichota kwa kikombe cha bati,
taratibu, kama watu wanaoiba.
Mama alisema maji hayachezewi.
Hakumaanisha kwamba yanaua.
Alimaanisha yanaisha.

Sekela ni wa Matema, wa ziwani.
Alivua sweta, akaingia bila kuaga, akatoweka.
Nilihesabu hadi kumi na moja.
Akaibuka ng'ambo, midomo ya zambarau, anacheka.
Atupele akajirusha na suti yake ya mpira
na ukelele wa Kiwelisi aliofundishwa shuleni:
Oer! Oer!
Sikuhitaji kamusi.

Mboni aligoma.
Alikaa juu ya jiwe, akavua kiatu kimoja,
akachovya kidole gumba, akakitoa,
akakitazama kana kwamba kimerudi na habari.
Kisha akausahau mguu wa pili,
akautumbukiza wote, kiatu na yote,
na maji yakamvua.

Kiatu chekundu, cha plastiki, namba ishirini na tano.
Kilizunguka mara moja, kikafika ukingoni, kikashuka.
Mboni hakulia. Alinitazama.

Wahenga wanasema ukiyavulia nguo maji, huna budi kuyaoga.
Hawakusema neno juu ya mtu aliyeyaingia
na suruali, na saa, na ufunguo wa gari mfukoni.

Baridi haikunishika; ilinikamata, kama askari.
Pumzi ilinitoka, ikakaa kando kunisubiri.
Bwawa la pili lilinifika kiunoni.
La tatu, kifuani.
La nne sikuliona chini,
na kwa sekunde moja
(Sekela anasema sekunde moja, mimi nina hesabu yangu)
nilikuwa mtu asiye na miguu,
juu yangu wingu, chini yangu wingu,
na maji mengi kuliko yote tuliyowahi kuchimba
yakinipita masikioni, yakinipita,
hayaishi.
Kisha goti likagonga mwamba. Nikaushukuru ule mwamba.

Kiatu kilikuwa bwawa la tano,
kimetulia kwenye majani, hakina haraka na mtu.

Ufunguo ulikufa.
Saa mbili tulikaa nje ya gari tumejifunga taulo,
ufunguo umepasuliwa vipande viwili juu ya boneti
kama samaki aliyeanikwa.
Vitumbua vya jana, chai ya chupa, makamasi.
Mwanamke mwenye mbwa wawili alisimama,
akatoa begini soksi nene za sufu, akanipa,
akaenda zake kabla sijapata la kusema.
Mboni akaupuliza ufunguo. Kimya.
Akaupuliza tena, mashavu yamemvimba.
Taa za gari zikapepesa.

"Ni mimi," alisema,
na hakuna aliyembishia.

Njia nzima alilala, kiatu kimekumbatiwa,
maji yakimdondokea pajani, kisha kitini, tone, tone,
na mimi, niliyelelewa kukinga kila tone,
niliyaacha.

Hiyo ilikuwa Jumamosi.
Leo Alhamisi. Kiti bado kinanuka mlima.