Fundo la Ijumaa

Ijumaa hiyo mvua ya Idrija haikunyesha, ilining'inia tu
juu ya bonde, kama shuka lisilotaka kukauka.
Bibi alinishika mkono hadi mlango wa ukumbi wa zimamoto,
akauachia.
"Ingia," akasema. "Mimi si skauti."
Akaenda zake bila kutazama nyuma hata mara moja.
Najua, maana mimi nilitazama.

Ndani kulinuka mpira wa mabomba na soksi mbichi.
Watoto kumi na saba, skafu za kijani shingoni,
na mimi, shingo tupu, kuku aliyenyonyolewa.
Kiongozi wao alikuwa Metka wa duka la dawa,
yule yule anipimiaye dawa ya kikohozi kwa kijiko;
leo kavaa kaptura, magoti mekundu kwa baridi,
nami sikujua pa kuyaweka macho yangu.

"Jina?"
"Jerica."
"Kwa nini umekuja, Jerica?"

Jibu nilikuwa nalo. Nililikariri tangu Jumatatu:
misitu, ujirani mwema, kuwafaa wengine.
Kinywa kikafunguka chenyewe:
"Nyumbani kumekuwa kimya."
(Kaka alikwenda Austria kubeba matofali,
na redio ikaenda naye.)
Mtu akacheka. Metka hakucheka.
Aliandika kitu daftarini,
na hadi leo sijui aliandika nini.

Wakanipa kamba, dhiraa mbili,
iliyochakaa, ncha zimechomwa kwa kiberiti.
Gorazd, mkuu wa doria ya Mbweha,
mvulana mwenye waya menoni na haraka mikononi,
alinionyesha mara tatu:
nyoka atoke shimoni, auzunguke mti, arudi shimoni.
Nyoka wangu alitoka. Mti akauona.
Shimo akalisahau.
Mara ya pili alijinyonga mwenyewe.
Mara ya tatu nilivuta, nikabaki na kamba
iliyonyooka kama swali.

Basi nikaacha kuifikiria.
Nikayaachia macho yaende dirishani, kwenye taa ya barabarani,
na vidole, vikikosa msimamizi,
vikarudi kwenye mto wa lesi wa Bibi,
kwenye vijiti vyake vinavyogongana usiku kucha
kama meno ya mtu mwenye baridi:
pishanisha, sokota, pishanisha,
bana hapa, legeza pale, usivute kabla ya wakati.

"Hilo si fundo," Gorazd akasema.
Kweli halikuwa fundo.
Lilikuwa kitu bapa, kipana, chenye matundu manne,
kingefaa kitambaa cha meza ya jitu.
Metka akalichukua, akalivuta kwa nguvu zote mbili.
Likashika.
Akavuta tena, akaweka na goti.
Likashika, likashika, likaachia.
"Silo," akasema. "Njoo Ijumaa ijayo."

Skafu hawakunipa. Skafu ni baada ya kiapo,
na kiapo ni baada ya theluji, labda Machi.
Lakini wakati wa kupanga mstari, Gorazd alinisogelea,
akasema chini chini, bila kunitazama:
"Ile ya matundu. Unaanzia wapi?"

Nje, mvua ilikuwa imeamua.
Chini ya kibaraza cha duka la mikate lililofungwa
alisimama Bibi, maji hadi vifundoni,
mahali ambapo mlango wa ukumbi unaonekana wote.
Mkobani mwake mlikuwa na tochi,
kiberiti ndani ya kopo la krimu,
nusu mkate, pini tatu, soksi kavu za kimo changu.
Sikumwuliza amesimama hapo tangu saa ngapi.
"Mimi si skauti," alisema tena,
akapiga goti kwenye maji ili anivue kiatu.

Kamba niliiiba, nakiri.
Ijumaa ya pili niliirudisha,
ikiwa na nyoka ndani ya shimo lake.