Maji Baridi

Newcastle, majira ya baridi, 1871

Jumatatu huja kapu kutoka kwa Bwana Septimus Hedley:
mashati saba, kola saba, leso kumi na mbili,
na karatasi ya hesabu, mwandiko umenyooka
kama safu za viti kanisani.
Mimi, Keziah Dodds, kusoma nabahatisha,
lakini shati nalisoma.

Hili la Jumapili: tone la nta begani,
alisimama chini ya mshumaa akiwaombea mabaharia.
Hili la Jumanne: wino mkono wa kulia,
aliandika barua ili yatima wa gatini wapate viatu,
na wakapata. Tamar wangu alipata jozi,
ngozi mpya, inalia kwi, kwi, kwi ngazini.

Hili la Alhamisi.

La Alhamisi huja limegeuzwa ndani nje,
limeviringishwa ndani ya jingine kama kichanga cha haramu.
Linanuka jini, linanuka mto, linanuka nywele za mtu mwingine.
Kwenye pindo la mkono, damu
isiyo yake.
Safari hii kifungo cha tatu hakipo,
kimeng'oka na kijipande cha kitambaa,
kama kilichoshikwa na mtu aliyekuwa akianguka.

Mwaka wa kwanza niliamini ana pacha.
Nikampa na jina, Jabez,
nikamfungia darini, kibiongo, meno ya njano,
analishwa kwa sahani ya bati.
Ilikuwa nafuu kuwa na Jabez.
Nilimhurumia hata Bwana Hedley
kwa mzigo wa ndugu wa namna ile.

Halafu nikapima.
Kola ya Jumapili, inchi kumi na tano na nusu.
Kola ya Alhamisi, inchi kumi na tano na nusu.
Jasho limeandika ukingo uleule,
zaidi upande wa kushoto,
maana huko ndiko huinamisha kichwa
anapomsikiliza maskini.

Hakuna pacha.
Hakuna mbalamwezi, hakuna dawa ya mchawi,
hakuna jini ila la chupa.
Ni shingo moja, inageuka.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Hawakumwuliza mfuaji.

Nikupe siri ya kazi yetu:
damu huoshwa kwa maji baridi.
Ukiichemsha, inauingia uzi, inahamia humo,
inakuwa rangi ya kutu na haitoki tena,
hata shetani aje na sabuni yake.
Tamar ana miaka sita na analijua hilo.
Maji baridi, chumvi, subira;
sugua kwa ndani,
na maji yakiwa ya waridi, mwaga mtaroni
kabla jirani hajafungua dirisha.

Miaka minne, maji baridi.
Na miaka minne, chini ya kapu,
shilingi moja isiyo kwenye hesabu.
Sikuiomba. Sikuirudisha.
Imenunua makaa ya mawe, imenunua dawa ya kifua,
imenunua pasi ya pili
ninayonyooshea kola.

Jana walimwopoa msichana chini ya daraja,
Bridie Kehoe, muuza chaza.
Alinikopesha kitunguu mara moja, hakukidai.
Ngumi ilikuwa imefumba; askari
alimfungua kidole baada ya kidole.
Kifungo, wanasema. Cha kawaida tu,
mji mzima una vifungo kama hivyo.

Lakini uzi ni wangu.
Mafundo mawili, kisha narudia chini,
ndivyo alivyonifunza mama,
na mtaani hapa hakuna mwingine ashonaye hivyo.

Shati liko mezani.
Birika limeanza kulia jikoni.
Mlangoni ndoo ya maji baridi,
barafu nyembamba juu yake,
na ndani ya barafu uso: nusu wangu,
nusu sijui wa nani.

Mkono wa kulia unalishika birika.
Wa kushoto umo mfukoni,
unaipapasa shilingi,
unaipasha joto.