Ukurasa wa Kumi na Saba

Mundhir anataka kila herufi ipige kelele.
Ameniletea nembo za bendi nane, zote miiba,
zote mizizi iliyong'olewa na hasira zake,
na moja, wallahi, nimeigeuza mara tatu
sijajua juu ni wapi.
"Ndivyo inavyotakiwa," anasema. "Asiyeweza kuisoma si wetu."

Saa nane za usiku, Al-Khuwair. Kiyoyozi kinanguruma
kwa noti moja ya chini, haipandi, haishuki.
Jarida letu linaitwa Kutu.
Jina nililitoa mimi: nilikuwa natazama grili la dirisha,
chumvi ya bahari imelila hadi limekuwa lesi,
nikasema, chuma cha hapa hakingoji moto,
hewa tu inakitafuna.

K nimeichora kwa mkono. Mguu wake nimeuiga
mwiba wa mgunga ule wa njia ya Nizwa
uliotoboa tairi la gari la ngoma.
U zote mbili ni ndoana. T ni msumari.
Inasomeka. Mundhir amenuna.

Nimemwambia: kichwa na kipige kelele, sawa,
lakini mwili wa habari uwe na adabu.
Herufi nyembamba, pointi tisa na nusu,
mstari upate pa kupumulia.
Mtu atasoma mahojiano ya kurasa nne
ndani ya basi la Ruwi, jua limemkaba usoni;
ukimwekea miiba na humo
atalifungia sambusa.

Safu mbili. Hizi sikufundishwa chuoni.
Shangazi Thuwayba alikuwa na daftari la mashairi,
alitoka nalo Unguja ndani ya sanduku la cherehani,
kila mshororo umepasuliwa kati kwa mwanya mweupe,
kina huku, kina kule, kama meno ya kitana.
Udogoni nilidhani ule mwanya ndio shairi
na maneno ni kuta za kuulinda.
Mpaka leo nikipanga safu
naanza na mwanya.

Sajeevan wa matbaa kapiga simu jioni.
"Kurasa kumi na moja nyeusi tupu? Dada,
wino huo ungepaka nyumba nzima.
Karatasi italowa, itajikunja, utanilaumu mimi."
Tumevutana hadi tano, na chai juu yangu.

Umebaki wa kumi na saba.

Hapo ni pa Yaarub,
mpiga ngoma, miaka ishirini na sita.
Wadi ilimchukua mwezi wa nne, yeye na gari.
Ngoma zilionekana kilomita mbili chini,
moja bado ngozi yake imekaza.
Mundhir ameandika maneno mia tisa
na anataka fuvu, anataka mabawa, anataka jina
kwa zile herufi za kale za Kijerumani,
nene, zenye makali, kila moja ni lango la chuma.
Nimelipanga. Limependeza.
Limependeza mno.
Nimefuta.

Kwani kaburi lake nalijua.
Mawe mawili yasiyochongwa, moja kichwani, moja miguuni,
jina hakuna, kama la babu yake,
kama la kila mwanamume wa kiwanja kile.
Hapana herufi hata moja pale
na hakuna anayepotea akienda kumzuru.

Basi ukurasa ni huu:
mstatili mdogo mweusi juu,
mstatili mdogo mweusi chini,
na baina yao sentimita kumi na tisa za karatasi
ambazo mashine ya Sajeevan haitazigusa.
Maneno mia tisa nimeyahamishia upande wa pili, wa kumi na sita,
pointi tisa, yamebanana, yanatazama.

Kesho Mundhir ataniuliza, fonti gani hii?
Sijui nitamjibu nini.

Nimehifadhi faili. Nimeliita kwa jina lake kamili,
na la baba yake, na la babu, na la kabila,
pale ambapo hasomi mtu.